Waridi la Uzio na Waridi la Mteremko

Nianze na ujinga wangu, maana nikichelewa kuusema jirani yangu atausema kabla yangu, na yeye huongeza chumvi. Nilifungua vitambaa viwili vilivyofungwa kwenye makopo ya mawaridi ya mke wangu, nikawafunga kuku miguuni.

Kuku wetu na kuku wa jirani walikuwa wakichanganyikana, na kila jioni tulikuwa na kesi. Tetea huyu mwekundu ni wako, huyu wangu, wangu ana kishungi, hata wangu ana kishungi. Kwetu dawa ya kesi hiyo inajulikana: unamfunga kuku wako kitambaa mguuni, mambo yamekwisha. Nikatazama huku na huku. Ndani kulikuwa na kanga kuukuu za kuchana, lakini ndani ni mbali, hatua kama kumi na tano, na mimi nilikuwa nimeshakaa. Makopo yalikuwa pale karibu na mguu wangu, kila moja na kitambaa chake, kimoja chekundu na kimoja cha buluu, vimechanwa sawasawa na kufungwa mafundo mawili mawili. Nikasema moyoni, mwanamke huyu ameniandalia kila kitu.

Mke wangu alikuwa ameondoka siku nne kabla, kwenda Dar es Salaam kutibiwa figo. Angekaa kwa binti yetu. Vile vitambaa havikuwa urembo. Alikuwa ameniambia maana yake, tena mara mbili, tena akanitaka nirudie kama mtoto wa madrasa: chekundu ni la uzio, buluu ni la mteremko. Nikarudia. Nilikuwa narudia huku natafuta miwani.

Nyumba yetu iko njia ya Kilangala, juu ya kijilima. Mbele kuna uzio wa nguzo na waya, halafu barabara ya vumbi. Nyuma ardhi inateremka mpaka korongoni, na kila mvua ikija inachukua chake. Mwaka mmoja ilichukua mpapai. Mwaka uliofuata ikachukua banda la bata, bila bata, namshukuru Mungu. Mke wangu akapima kwa macho akasema kinachofuata ni jiko. Mimi nikashauri jiko lihamishwe, yaani alihamishe yeye.

"Nitapanda mawaridi," akasema.

"Watu wanapanda mkonge kwenye mteremko."

"Mkonge hauna harufu."

"Mteremko una pua?"

"Mimi ninayo."

Tukaenda mjini kwa mwenye kitalu cha maua kando ya barabara, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Mimi nilitafuta kivuli, mke wangu akatafuta maarifa. Hata hivyo nilisikia, maana sauti ile haikubagua. Alisema waridi halichaguliwi kwa uso. Uliza kwanza litalala wapi. Waridi la uzio lina mashina magumu, lakini halina mikono ya kujishikia kama tango, ni wewe unayelifunga. Lilaze ubavu kwenye waya, kila jicho la shina litasimama na kutoa ua. Ukiliacha liende wima litachanua kileleni tu, maua ya kutazamwa na kunguru. La mteremko ni kitu kingine. Mashina yake marefu, laini, yanatembea, na yanapogusa udongo yanatia mizizi. Hilo linachanua mara moja kwa mwaka, vishada vyeupe vidogo visivyo na harufu ya kusema, halafu linarudi kazini kushika ardhi.

"Hilo halihitaji kufungwa," alisema yule mama, "linahitaji kukatazwa."

Mke wangu akanitazama pale kivulini. "Na hili langu halihitaji kukatazwa, linahitaji kuamshwa."

Alinunua lile la mteremko. La uzio hakununua, kwa sababu alijua tangu mwanzo analitaka lipi. Nyumbani kwao Kiswere kulikuwa na waridi la mamake, la pinki iliyofifia kama kanga iliyofuliwa sana, lililokuwa limepanda ukuta wa uani na kuanguka upande wa pili. Mamake alikuwa akikausha maua yake na kuyatia kwenye sanduku la nguo, na mke wangu alipokuja kwangu bibi harusi, sanduku lake lilipofunguliwa chumba kizima kilinukia. Nakumbuka nilipiga chafya. Miaka yote hiyo alikuwa akinikumbusha ile chafya.

Mama mkwe alishafariki. Mke wangu alikwenda Kiswere akiwa tayari miguu imeanza kuvimba, akakata vijiti saba. Sita vilikauka. Kimoja kilishika. Alikuwa akikitilia maji kwa kikombe cha kahawa, kidogo kidogo, na akikisemesha kwa Kimwera maneno ambayo mimi sikuwahi kuambiwa tangu fungate. Mvua zilipokaribia, na safari yake ikakaribia, akahamishia miche yote miwili kwenye makopo ya rangi yanayofanana, akaipogoa mpaka ikabaki mashina matupu, akafunga vitambaa. Alitaka ipandwe mvua ya kwanza ikinyesha. La mamake akataka likae kwenye uzio upande wa dirisha la chumbani.

"Nikirudi nataka nilisikie kabla sijafungua mlango," alisema.

Basi. Kuku wakavaa vitambaa. Jirani yangu, ambaye alikuwa shoga wa mke wangu na pia ni mtani wetu, kwa hiyo mdomo wake una leseni mbili, akasimama upenuni kwake akicheka.

"Shemeji, kuku wako wanakwenda harusi gani?"

"Wanakwenda kwako kuposa."

"Waambie mahari yangu si punje za mtama."

Kesi za kuku zikaisha. Mvua ya kwanza ikanyesha asubuhi moja, nikainuka kwenda kupanda, nikainama kwenye makopo, na hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mashina mawili ya kahawia, manene sawa, marefu sawa, hayana jani.

Mtu mwenye akili angepiga simu. Lakini kupiga simu kungekuwa kueleza habari ya kuku, na kueleza habari ya kuku kungekuwa kuisikiliza habari hiyo maisha yangu yote, pamoja na ile chafya. Nikaamua kutumia elimu yangu ya kidato cha nne. Nikatazama, nikaona moja lina miba mingi kuliko jingine. Uzio kazi yake nini? Kuzuia mbuzi na wezi. Basi lenye miba ndilo la uzio. Nikajipongeza. Nikachimba shimo mbele, nikachimba jingine nyuma, samadi ya mbuzi kila upande, kazi safi. Mchana nilijipa ruhusa ya kulala.

Simu ya jioni ilikuja.

"Umepanda?"

"Nimepanda yote."

"Chekundu wapi?"

"Chekundu uzioni." Na kweli, kuku mwenye kitambaa chekundu alikuwa amekaa juu ya uzio. Hata wakati wa kudanganya nilitafuta pa kuegemea.

Kwa wiki kadhaa sikujua kama nimekosea au nimepatia. La mbele lilikwenda mbio. Lilitoa mashina kama kamba, nikayafunga ubavu kama tulivyofundishwa, nikiona fahari, na kabla mvua hazijaisha lilikuwa limefika kwenye kijipengo cha uzio ambacho jirani alikuwa akipitia kuja jikoni kwetu. La nyuma lilitoa majani machache ya duara. Mashina yake magumu yalisimama peke yake kwenye mteremko, hayana ukuta, hayana waya, yanayumba. Nilipita mara mbili tatu nikasema litazoea.

Halafu ikaja mvua ya usiku kucha. Kulipokucha nilitoka na mwavuli, nikakuta kipande cha mteremko kimekatika, upana wa mikeka miwili, kimekwenda korongoni na kila kilichokuwa juu yake. Nilishuka kwa makalio, mtu mzima, nikachokora lile tope kwa mikono mpaka adhuhuri. Nilipata kipande cha shina chenye urefu wa kiganja, kimechubuka ganda lote. Mahali pamoja kilikuwa na tumba dogo, dogo kama punje ya hindi. Nikalipasua kwa ukucha. Lilikuwa la pinki.

Nililinusa, lilinuka tope.

Nilikitia kile kijiti kwenye kopo, nikakitilia maji kwa kikombe cha kahawa kama alivyokuwa akifanya yeye. Hata kukisemesha nilijaribu, ila sikujua maneno. Siku ya kumi kilikuwa kikavu kama njiti ya kiberiti.

Kuanzia hapo nikawa mtunzi. Yeye akiuliza, mimi natunga. Lile waridi la mamake lilikua simuni vizuri kuliko waridi lolote katika mkoa wa Lindi. Lilishika. Lilipanda waya wa kwanza, wa pili. Nikalipunguza kidogo upande wa kushoto. Nikalitilia majani ya mkorosho chini ili udongo usikauke, na hapo akanisifu, akasema, "Kumbe unaweza, bwana," na mimi nikaona aibu na furaha kwa pamoja, sijui ipi ilizidi.

Nilikwenda kumwona mara moja. Naandika hivi, mara moja, na mkono unataka kuongeza. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine Mungu aliwapa miguu, mimi alinipa kigoda. Nilikuwa nikisema nani atalinda nyumba, nani atalisha kuku, korosho zitaokotwa na nani, na watu wote wakakubali sababu hizo kwa sababu zilikuwa nzuri. Kule kwa binti yetu nilikaa siku tatu. Mke wangu alikuwa amepungua mpaka pete imefungwa uzi ili isidondoke. Siku ya kwanza aliniuliza, "Hukuniletea hata ua moja?"

"Nililikata. Likanyauka ndani ya basi, nikalitupa."

"Ulilitupa wapi?"

Swali la ajabu. "Somanga," nikasema, "tulipoteremka kula."

Akatikisa kichwa polepole kama anayeiona Somanga. Siku ya tatu nilianza kuulizia habari za kuku, akacheka, akaniambia rudi kwa kuku wako, huku unanichosha kwa kukaa kama mgeni. Nikarudi. Nilifurahi kuambiwa nirudi. Hilo nalo naliandika.

Mara ya mwisho kuzungumza naye, waridi la mbele lilikuwa limechanua kweli, vishada vyeupe kutoka nguzo hadi nguzo, watu wa barabarani wanasimama. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikija na kukatika.

"Mwambie shoga yangu apige picha kwa simu yake anitumie."

"Amekwenda msibani Tingi." Jirani alikuwa upenuni kwake anachambua mchicha, namwona.

"Akirudi basi."

"Akirudi nitamwambia."

Simu ikakwaruza. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Na harufu je?"

"Linanukia mpaka barabarani."

"Hakuna kingine cha kuniambia?"

"Kuku wote wazima," nikasema.

"Haya, mume wangu," akasema.

Binti alipiga simu alfajiri ya siku ya tano baada ya hapo. Nilipanda basi la kwanza, nimevaa shati lililogeuzwa nje ndani. Gari liliharibika njiani, likatengenezwa, likaharibika tena. Nilipofika makaburini watu walikuwa wanapangusa udongo mikononi. Binti yangu alinishika kiwiko akanionyesha mahali, kama mtu anavyomwonyesha mgeni choo kilipo, kwa upole na bila maneno mengi.

Nilirudi nyumbani, tukakaa matanga. Jirani, kwa haki yake ya utani, alileta kigoda changu katikati ya mkeka wa wanawake, akakikalia akanyoosha miguu, akaanza kuita kwa sauti yangu, "Mama! Mama we! Niletee maji, niletee na mkono wa kuyanywea!" Wanawake wakacheka mpaka wakalia. Nilikuwa barazani na wanaume, nikacheka na mimi. Alipomaliza alibaki kwenye kile kigoda, akajifunika uso kwa mtandio, na hakuna aliyemwondoa.

Arobaini ilipopita nilifanya jambo lililowashangaza wote wanaonijua: nilisafiri bila kulazimishwa. Nilikwenda Kiswere kutafuta kijiti kingine cha waridi lile. Nilikuwa nimepanga vizuri. Ningekata hata vijiti ishirini. Ningepanda uzioni, upande wa dirisha, ningelaza ubavu, na uongo wangu ungekuwa ukweli uliochelewa. Nilijiambia kwamba anayedanganya kisha akatekeleza ni sawa na aliyeahidi.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa imeingiwa na ndugu wa mbali. Ni watu wema, wakanipa chai na ngisi wa kukaanga. Nikaomba kwenda uani. Ukuta ulikuwepo. Chini yake palikuwa na bafu jipya la tofali, na sakafu ya saruji imefika mpaka ukutani.

"Lilikuwa linachana nguo za watoto," mwenye nyumba akanieleza. "Tuling'oa na mizizi, tukachoma. Kwani lilikuwa la maana?"

"Hapana," nikasema. Nikamaliza chai.

Njiani nikapita kwa yule mama wa kitalu. Nikamweleza nataka waridi la kupanda uzio, pinki iliyofifia, lenye harufu. Akanipitisha kwenye vikopo vyake vyote, mimi nikinusa kimoja kimoja kama mbuzi aliyefunguliwa. Mwishoni akaweka mikono kiunoni. "Ya pinki ninayo. Ya harufu ninayo. Ya Kiswere sina, baba."

Lakini hakuniacha niende bure. Aliniuliza lile jeupe linaendeleaje, nikamwambia linaendelea kwangu, kwa jirani, na karibu linafika kwa mjumbe. Akanipa kazi. Shusha mashina yake marefu mpaka chini, yabane na udongo kwa vijiti vya panda, yataota mizizi yakiwa bado yananyonya kwa mama yao. Kisha kata, hamishia kwenye mteremko, panda kwa mistari ya kupishana, kila mche na tuta lake dogo la udongo lenye umbo la mwezi mchanga ili maji yasimame kabla ya kushuka. Usilipogoe ovyo, maana ua la mwaka ujao linakaa kwenye shina la mwaka huu.

Nilifanya yote hayo. Sikuwa na mtu wa kunifanyia. Nilibana, nikangoja, nikakata, na mvua mpya zilipokaribia nilikuwa na miche kumi na minne. Mikono yangu ilikuwa imechanwa mpaka nikawa naogopa kushika chumvi. Siku ya kupanda nilikuwa nimepiga magoti kwenye mteremko, nyuma ya jiko lake ambalo bado limesimama, napanga mawe chini ya mche wa mwisho, ndipo jirani akaja. Alikuwa amezunguka kwa barabarani, kwa sababu kijipengo chake kilikuwa kimezibwa na miba tangu mwaka uliopita. Alikuwa na bakuli la uji.

"Kunywa. Umekonda, unafanana na waya wa uzio wako."

Nikanywa. Yeye akawa anaihesabu ile miche kwa macho.

"Haya yote ni lile jeupe?"

"Yote."

"Na lile la mamake?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, labda kwa sababu nilikuwa nimeshapiga magoti tayari. Nikamweleza yote, kuku, makopo, miba, ile mvua, tumba nililolipasua, Somanga. Nikamweleza kwamba nilisema yeye yuko Tingi naye anachambua mchicha mbele yangu. Nikasema kitu kimoja tu kinanipa usingizi: kwamba mwenzangu alikwenda akiamini waridi la mamake limechanua dirishani kwake, kwamba angalau hilo nilimpa.

Jirani alichukua bakuli mkononi mwangu, akamwaga masalia ya uji kwa kuku, akafuta ukingo wake kwa upindo wa kanga.

"Alijua, shemeji. Vitambaa vya kuku nilivijua, na siku ile nilikuona korongoni ukichokora tope; nilimwambia mimi, tangu mvua ile ile. Akaniambia ninyamaze, anataka uje umwambie mwenyewe, na kila ukipiga simu alikuwa anangoja."